Nyayo za Alasiri kando ya Tana

Kwa anayependa kutembea bila kujichosha, Garissa ina njia moja nzuri. Kabla hujavuka daraja, ukiwa bado upande wa mji, shuka ukingoni, mto uwe mkono wako wa kulia, ufuate maji yanakokwenda. Kwanza utapita migomba ya watu, halafu mikoma, halafu miti mikubwa inayoziba jua, mpaka ufike kwenye mkwaju mmoja uliopinda kuelekea mtoni. Ni mwendo wa saa moja kwa mzee. Kilima hakuna. Mamba wapo, lakini njia iko mbali kidogo na maji, na nyani watakutazama tu, mradi huna ndizi mkononi.

Njia hiyo nilionyeshwa na Dagane.

Dagane nilimjua mwaka wa tisini na nne. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, ndevu zake zimepakwa hina, na kazi yake ilikuwa kuuza miswaki ya mti mlangoni mwa msikiti. Aliikata mwenyewe kando ya mto kila siku baada ya swala ya alfajiri. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaacha kazi ya pampu za mashambani, sina mke wala haraka, nikawa natembea tu. Tulipishana mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akasema kama tunaenda upande mmoja hakuna haja kila mtu aende na kikohozi chake peke yake.

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p aliitamka b, na maneno yake yalikuwa machache. Macho alikuwa ameyaelekeza chini muda wote. Nilidhani anaogopa nyoka, kumbe anasoma. Alikuwa akisema mama fulani amepita hapa na mtungi wa maji, na kwamba leo hakuwa na mtoto mgongoni. Alikuwa akisema mtu fulani alisimama pale akageuka, maana aliitwa. Siku moja alizitazama nyayo zangu mwenyewe, akacheka.

"Na wewe, mzee, unatembea kama mtu amesahau kitu nyumbani."

Lakini zilikuwako nyayo za mtu mmoja ambazo hakuzisemea neno. Zilikuwa za akala, zile ndara za tairi, zenye misumari mitatu iliyopangwa mstari kisiginoni, na ya kushoto ilikuwa na kiraka mbele. Kila asubuhi zilikuwa pale, za jana yake, zinakwenda mpaka mkwajuni na kurudi. Dagane akizifikia alihamia pembeni, kwenye majani, asizikanyage. Nami nikawa nahamia pembeni kama yeye, bila kujua kwa nini. Ilipita miezi ndipo nikamwuliza.

"Ni Yarow," alisema. "Ndugu yangu. Mama moja, baba moja."

Habari yenyewe alinipa kidogo kidogo, siku nyingi, nami naisimulia kwa mkupuo mmoja. Walikuwa wafugaji wa Eldas, huko Wajir, Yarow mkubwa na Dagane mdogo. Ukame wa tisini na mbili uliwamalizia ngamia mmoja mmoja, mpaka wakabaki na mmoja tu, yule wa kubeba mizigo: miti ya nyumba, maji, na watoto waliochoka. Wakiwa katikati ya safari, Yarow alitangulia kwa miguu kwenda kutafuta maji. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Watoto walifika mahali pa kutolia tena. Dagane akamchinja yule ngamia.

Yarow alirudi siku ya tatu, amebeba madumu mawili ya maji mgongoni mwake mwenyewe, akakuta nyama imeanikwa juu ya miiba. Siku hiyo hakusema kitu. Kesho yake alisema, "Umetukata miguu," na hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho kati yao. Lori la msaada liliwaokota barabarani, likawaleta Garissa, mmoja akajenga mwisho huu wa mji na mwingine mwisho ule.

Wazee waliwaita mara mbili. Dagane alishikilia kwamba watoto wangekufa. Yarow alishikilia kwamba maji yalikuwa mwendo wa siku moja tu. Nadhani kila mmoja alisema kweli. Baada ya hapo watu walijifunza kutomtaja Yarow mbele ya Dagane, kwa kuwa akilisikia jina hilo hukusanya miswaki yake na kuondoka, hata kama ni mchana wa biashara.

Lakini mto ni mmoja. Dagane alikuwa nao asubuhi, Yarow baada ya alasiri, na hawakuwahi kukutana hata siku moja.

Nilimwuliza kama na huyo Yarow anasoma nyayo.

"Yeye ndiye alinifundisha."

Basi nikaelewa kwa nini Dagane, siku alizokuwa na homa, alikuja hivyo hivyo, akafika mkwajuni akitetemeka, akagusa mti, akarudi. Hakutaka njia ilale bila alama zake.

Katika mwaka wa tisini na sita, baada ya mvua fupi kukosa tena kutosha, nyayo za akala zilianza kubadilika. Hata mimi niliona. Hatua zilikuwa fupi. Mguu wa kushoto uliburuta udongo kidogo. Halafu pembeni yake kikatokea kitundu, na kingine, na kingine. Fimbo. Dagane alichuchumaa pale muda mrefu. Tangu siku hiyo akawa anakuja na panga kubwa badala ya kisu chake cha miswaki, anafyeka matawi ya miiba yaliyoangukia njiani, anafukia mashimo. Nilimtania kwamba baraza la mji halitamlipa. Aliendelea kufyeka.

Juma moja baadaye, nyayo zilipoishia katikati ya njia, kwenye mikoma, pasipo kufika mkwajuni, alisema neno ambalo sikulitarajia. Alisema atakuja baada ya alasiri, amngoje Yarow, amwambie alikosea. Nikamwuliza kama kweli anaona alikosea.

"Sijui," alisema. "Lakini yeye ni mkubwa, na mguu yake inaisha."

Alisema atakwenda kesho. Kesho akasema Ijumaa. Ijumaa akasema kifua kinambana. Mtu aliyenyamaza miaka minne hana mdomo mwepesi. Na wakati bado anaahirisha, nyayo zikakoma. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili hakuna. Siku sita njia ilikuwa na mbuzi, nyani na sisi wawili tu. Dagane aliacha kukata miswaki. Alikwenda mpaka mkwajuni na kurudi, na mtu wa kumwuliza habari hakuwa naye, maana mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu wote kunyamaza. Nilimwambia niende mimi nikaulize upande ule wa mji. Akakataa. Nadhani aliogopa jibu.

Siku ya saba nyayo zilikuwepo.

Misumari mitatu, kiraka cha kushoto, zinakwenda moja kwa moja mpaka mkwajuni na kurudi. Hatua ndefu. Hakuna kuburuta. Hakuna fimbo. Dagane alishika mkono wangu kwa nguvu, na hakuwahi kunishika kabla.

"Amebona," alisema. "Mzee, angalia. Amebona kabisa."

Nilitazama. Mimi si msomaji, lakini yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha kwamba mtu mzito huzamisha kisigino na mtu mwepesi husukuma kwa vidole. Kisigino cha Yarow siku zote kilizama. Hiki hakikuzama. Nilijua, nikaona uso wake. Nilisema tu kwamba fimbo siioni. Akanijibu kwamba mtu akipona atashika fimbo ya nini.

Siku tatu alikuwa mtu mwingine. Alipaka hina upya. Aliniuliza kama Kiswahili kina neno zuri la kuomba radhi, ingawa mambo yenyewe angeyasema kwa Kisomali. Alhamisi akanunua chupa ya chai, akaijaza chai ya maziwa, akaniomba niende naye, nikae mbali kidogo, ili akishindwa kuanza aone aibu mbele yangu na aanze.

Tulifika mkwajuni mapema baada ya alasiri. Mto ulikuwa mwekundu na mzito. Dagane alikaa kwenye mzizi, chupa katikati ya miguu, vikombe viwili vimefunikwa kwa kitambaa. Mara mbili alisimama akakaa tena.

Aliyetokea mikomani alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, mwembamba, jembe begani. Miguuni alikuwa na akala za Yarow. Zilimzidi, alizifunga kwa kamba kwenye kifundo.

Dagane hakumtazama usoni hata kidogo. Alitazama zile ndara, na niliona amekubali sasa alichokwisha kujua siku nyayo ziliporudi.

Jina lake huyo kijana wa jembe lilikuwa Abdinur. Alitoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, na alikuwa amekuja Garissa kutafuta vibarua vya shamba. Alimwamkia Dagane kwa heshima, akamwita adeer, yaani baba mdogo. Waliongea kwa Kisomali, mimi nikafuata nilichoweza, na kilichobaki Abdinur mwenyewe alinieleza baadaye tukirudi.

Yarow hakufa. Binti yake, Fowsiya, aliyekuwa ameolewa Eldas mwaka uliotangulia, alishuka kutoka huko kwa lori, akaona hali ya mguu, akamchukua nyumbani kwake. Siku ya kuondoka Yarow alimwita Abdinur, waliyekuwa wakiswali naye msikiti mmoja, akampa akala. Si sadaka tu. Alimpa na sharti.

"Alisema kila siku baada ya asri nizivae nije mpaka mti huu nirudi," Abdinur alisema. "Alisema iko mtu hapa anaangalia. Akikosa alama atafikiri Yarow amekufa, na hana mtu wa kuuliza."

Siku za mwanzo Abdinur alipata kibarua cha mbali, akashindwa kuja. Aliomba radhi kwa hilo. Aliomba kama mara tatu.

Dagane alifungua chupa. Alimimina kikombe kimoja, akampa Abdinur. Cha pili alimimina akakiweka kwenye mzizi, hakunywa, hakunipa mimi. Kilikaa pale mpaka kikapata utando. Halafu akasema jambo moja tu, kwa Kiswahili, kwa hiyo nadhani aliniambia mimi.

"Fowsiya alikula ile nyama. Wakati ile alikuwa mtoto bado."

Jumanne iliyofuata alipanda lori la kwenda Wajir, juu ya magunia ya unga. Nilimsindikiza. Hakuwa na mzigo ila panga, ile chupa ya chai na fungu la miswaki. Aliniambia nisiache kutembea. Nikamwambia nitatembea na nani. Akasema njia haina mwiba, ameifyeka vizuri, hata mtu asiyejua kusoma atapita.

Ni miezi mitano sasa. Mimi naenda asubuhi. Abdinur bado anapita baada ya alasiri, sharti ni sharti, na mvua zikikaa vizuri naona misumari yake mitatu, nami nahamia pembeni.

Habari niliyo nayo ni moja, ya utingo wa lile lori. Alisema kabla ya kufika Eldas Dagane aligonga bodi kwa nguvu, gari likasimama. Alishuka katikati ya vichaka, nyumba bado hazijaonekana. Utingo akamwuliza ameona nini. Mzee alikuwa ameshainama, anatazama mchanga kando ya barabara, akamwonyesha vitundu vidogo vilivyofuatana upande wa kushoto wa nyayo. Akawaambia waende tu. Walipoondoka alikuwa ameanza kuvifuata, anatembea pembeni, asivikanyage.