Ng'ombe wa Dada Waliogeuka Mchanga

Mtanisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu ni kubwa na hazikai kwenye mstari, na maneno mengine nitakuwa nimeyakosea, kwa sababu nilimaliza shule ya msingi tu na nyumbani tuliongea Kisukuma. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Lakini kusema mbele ya watu kunanishinda kabisa, kwa hiyo naandika.

Ninaishi Rwamgasa. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu kumi na tisa tulionunua marudio. Marudio ni mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na dhahabu kukamatwa kwa zebaki. Zebaki haikamati yote. Wenye mitambo mikubwa wana dawa ya kuitoa ile iliyobaki, kwa hiyo mchanga nao una bei, na bei yake huifuata ya dhahabu kwa mbali. Tuliununua kidogo kidogo, tukaumwaga kwenye kiwanja cha kukodi, tukaufunika kwa maturubai na kumweka mlinzi. Sasa tunangoja bei. Kwingine watu hungoja na mpunga ghalani. Sisi tunangoja na kilima cha mchanga wa kijivu kilichopita paa la nyumba.

Kila miezi mitatu tunafanya tathmini. Kabla ya siku hiyo mimi huzunguka na daftari. Naandika bei ya dhahabu kwa wanunuzi watatu wa Kalangalala, bei ya dola, ya dizeli, ya mchele wa Kagongwa, na ya ng'ombe mnadani. Wanunuzi wa dhahabu hawapendi maswali. Mimi husimama mlangoni mpaka mmoja achoke kuniona.

"Wewe kijana, unauza au unanunua?"

"Shikamoo. Nauliza tu."

"Marahaba. Kuuliza ni bure. Kujibiwa ndiyo kuna bei."

Halafu hunitajia. Sikuomba ukatibu. Mwenyekiti wetu, mzee aliyewahi kuwa na duara lake mwenyewe, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likajaa maji, alinichagua siku alipoona ninavyoandika. Alisema mtu anayeandika polepole hivyo hapati nafasi ya kudanganya. Watu wakacheka, nami nikainama. Basi nikawa katibu.

Fungu letu katika kile kilima liliingia kwa jina la mama yangu. Fedha yake ilitoka kwa ng'ombe kumi na wawili, na ng'ombe hao walitoka kwa dada yangu. Aliolewa Kagongwa na mwanaume mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo ng'ombe wa mahari walibaki mikononi mwa Mama, na kwa desturi ndio ambao mimi ningeoa nao. Mwaka ule malisho yalikuwa haba. Ng'ombe walikuwa wanakonda, na mimi nilikuwa nimetoka kumsomea Mama daftari langu, dhahabu inapanda, dhahabu inapanda. Mama akasema, "Tuwapeleke mahali wasipokonda." Tukawauza wote mnadani siku moja, tukanunua mchanga.

Miezi michache baadaye dada alikuja nyumbani kwa Mama kijijini na mtoto mgongoni na mkono umefungwa ubao. Mume alimpiga na mpini wa koleo. Kwenye ofisi ya kijiji waliandika maelezo, wakamwita mume, akaja na wazee wake watatu, na ikaishia kwamba tukayamalize nyumbani. Baba mkwe wa dada alikaa kwenye kigoda chetu akaongea bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Akitaka kubaki kwenu, abaki. Rudisheni ng'ombe wangu kumi na wawili, mumchukue na mtoto wake. Mpaka hapo mtoto ni wetu."

Wakaondoka na mtoto. Dada alikaa siku mbili, ya tatu akafunga kanga yake na kumfuata mtoto. Mama alimsindikiza mpaka barabarani akimwambia avumilie mpaka tathmini. "Tutauza fungu, tutanunua ng'ombe, tutakuja kukuchukua na mwanao." Dada alikuwa anajifunga kanga kwa mkono mmoja.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Katika daftari, chini kabisa ya kila tathmini, nilikuwa na mstari wangu mwenyewe. Nilichukua thamani ya fungu la Mama na kuigawa kwa bei ya ng'ombe mmoja mnadani. Sikufundishwa na mtu. Nilitaka tu kujua ng'ombe wetu wanaendeleaje huko mchangani. Siku tulipoweka walikuwa kumi na wawili. Tathmini ya kwanza, kumi na mmoja. Ya pili, kumi. Dhahabu ilikuwa inapanda kweli, na kila mtu alikuwa anafurahi. Lakini bei ya mchanga ilipopanda hatua moja, ya ng'ombe ilipanda tatu, kwa sababu migodini watu wanakula nyama na wanunuzi wa mbali nao wanakuja mnadani na malori. Kodi ya kiwanja, maturubai na mshahara wa mlinzi vilikuwa vinakatwa kwenye thamani ya kilima hichohicho. Kwa shilingi tulikuwa tumetajirika. Kwa ng'ombe tulikuwa tunapungua.

Tathmini ya tatu ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku uliotangulia, ikatoka ng'ombe wanane na mguu. Mama alikuwa amebaki kijijini. Alinituma nitaje ombi lake kwamba fungu lake lirudishwe. Utaratibu wetu ni kwamba fungu hutoka siku ya tathmini tu, na ni lazima mwanachama mwingine alinunue, au wote wakubali kuuza kilima kizima, kwa sababu wenye mitambo hawaji kuchukua nusu.

"Katibu, tusomee," alisema Mwenyekiti. "Polepole kama kawaida yako, ila usitulaze."

Nikasoma dhahabu. Imepanda. Wakapiga makofi. Mama muuza uji, aliyeweka akiba yake yote pale, aliinuka akazunguka mara moja na mikono juu.

"Mayu wee! Hiyo ni nyumba ya bati hiyo!"

"Bati gani, vigae!" mmoja akamjibu.

Nikasoma dola. Imepanda. Dizeli, imepanda. Mchele, umepanda. Makofi yakapungua.

"Hayo ya tumbo tunayajua, ngosha, hata bila daftari," alisema mchimbaji mmoja mzee.

Nikafika kwenye ng'ombe. Nilivuta pumzi, maana chini ya mstari ule ulikuwepo mstari wangu, na nilikuwa nimejiapiza kuusoma.

"Ng'ombe ruka," alisema Mwenyekiti. "Sisi si wachungaji tena."

Wakacheka sana. Nami nikaruka.

Hakunitukana. Hakunikataza kwa ubaya. Ulikuwa ni utani wa mzee, na mtu mwingine yeyote angesema, subiri Mwenyekiti, huu nao una maana. Mimi nilifunua ukurasa.

Kwenye mengineyo nilisimama. Sauti yangu ilitoka ndogo, wakaniambia niseme tena. Nikasema Mama anaomba fungu lake litoke.

"Subiri kwanza," Mwenyekiti aliniambia, na uso wake ulikuwa wa kushangaa kweli. "Si wewe uliyetusomea sasa hivi kwamba dhahabu inapanda?"

"Ni mimi."

"Halafu unataka kuuza?"

"Ni Mama."

"Mwambie mama yako ng'ombe akiwa na mimba hachinjwi."

Wakacheka tena, hata mimi nilitabasamu, sijui kwa nini. Mchimbaji mzee akasema atalinunua yeye, kwa bei ile ya mwanzo. Kwa fedha hiyo ng'ombe wasingefika hata saba. Nikatikisa kichwa. Wakapiga kura ya kuuza kilima kizima. Mikono miwili tu iliinuka, wangu na wa mlinzi, na mlinzi akaambiwa yeye si mwanachama.

Jioni Mama alipiga simu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tungoje."

"Dhahabu?"

"Imepanda."

"Basi Mungu anatusaidia," akasema, na nikasikia anashusha ndoo chini. Kumwambia kuhusu ng'ombe kulinishinda hata kwenye simu, ambako hakuna anayeniona uso.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kagongwa peke yangu. Nilidhani nikifika nitajua la kusema. Nilimkuta baba mkwe uani, mashine ya kukoboa inanguruma nyuma yake. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mmeleta?"

Nikasema bado. Nikasema labda wangepokea wanane, wengine tuwalete baadaye. Nilisema hivyo kwa kuangalia pumba zilizokuwa zinarundikana chini ya mashine.

"Mimi nilitoa wanane?"

"Hapana, baba."

"Basi kula, upumzike, urudi kwenu."

Dada aliniletea maji ya kunawa na ugali. Mkono wake ulipona vibaya, haunyooki, na alibeba sinia kwa kulilaza juu ya ule mkono kama fimbo. Mume alikuwepo, akanisalimia vizuri tu, akaniuliza habari za migodini. Nilikula kwake. Hilo nalo naliandika hapa ili mjue mimi ni mtu wa namna gani.

Dada alinisindikiza, mtoto akimshika kanga. Tulipopita malori ya mchele akaniuliza kama bei imepanda.

"Imepanda."

"Ya nini?"

"Ya vyote."

Kisha akauliza wamebaki ng'ombe wangapi. Sikujua kwamba anajua wanapungua. Nikamwambia wanane na mguu. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Hakulia. Alisema, "Mdogo wangu, mwezi uliopita alinipiga mbele ya mtoto, na mtoto hakushtuka." Kisha akasema lazima arudi, atamkuta mume anamngoja. Mtoto alinipungia mkono mpaka walipokata kona.

Tathmini nyingine imebakiza wiki tatu. Juzi nimetoka mnadani. Sasa ni saba. Safari hii nimeandika ng'ombe mstari wa kwanza, juu ya dhahabu. Nimejaribu kuusoma kwa sauti peke yangu kule kiwanjani, na hata mlinzi aliyekuwa karibu aliniuliza nimesema nini. Nikiusoma wakanielewa, huenda wakauza, lakini saba si kumi na wawili. Nikinyamaza watakuwa sita. Nimegawa na kugawa tena, na sijaona njia inayofika kwa dada kabla mtoto hajazoea zaidi.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma haya. Kama kwenu mahari iliwahi kurudishwa pungufu ikapokelewa, niandikieni ni nani alitangulia kwenda kuongea na alianza na maneno gani. Kama kuna ofisi iliyowahi kumtoa mama pamoja na mtoto wake bila kwanza kuhesabu ng'ombe, niandikieni mlipita mlango upi. Hata kama hamjui lolote, niambieni kama mngeusoma ule mstari siku ile. Niandikieni kabla ya wiki tatu.