Kipande Kilichobaki Kwenye Bati

Mattie wa Dan Mchuzi ndiye aliyelianzisha neno hili. Tulikuwa nyuma ya nyumba yake tukipika rojo la matufaha kwenye sufuria la shaba, yeye kashika mwiko mrefu, mimi nasogeza kuni, na mwanangu Amoni kalala kwenye kikapu cha nguo karibu na ukuta.

"Lomie, umesikia Yost ana bunduki ya nani mezani?"

"Yost ana bunduki za bonde zima mezani," nikamwambia. "Msimu wa kuwinda kulungu unaanza Jumamosi."

"Hii ni ya Wade."

Nikauacha moto.

"Yule yule?"

"Bonde hili lina akina Wade wangapi? Akina Dan ndio tunao wa kumwaga." Akakoroga kidogo. "Iko kwake tangu majani yaanze kuanguka. Dan alipita jana akaisikia ikivutwa, kra-chak, kra-chak, halafu kimya, halafu tena. Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba mtu aliyesamehe hakai wiki tatu na kazi ya siku moja."

"Koroga, Mattie, yanashika chini."

"Yameshashika," akasema.

Wade si wa kanisa letu, sisi tunaosafiri kwa farasi na kukataa magari ya injini. Ni mmoja wa watu wa nje, anakaa ng'ambo ya mlima, kijana mwenye gari jekundu la mizigo. Majira ya kuchipua, akishuka mteremko kwa kasi, aliligonga gari la farasi la Franie, binti wa mwisho wa Yost Kanagy. Franie alikuwa akinisaidia kazi tangu nilipojifungua. Ndiye aliyemfundisha Amoni kupiga makofi. Alikufa palepale barabarani. Farasi wake hakufa, alikuwa amevunjika miguu ya mbele na analia. Polisi alitoa bastola yake, lakini Yost alimwambia, "Huyu ni wangu," akarudi nyumbani kwa miguu kuchukua bunduki, akaja akammaliza mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shamba na Amoni mkononi. Nilimwona akimfumba yule farasi jicho kwa kiganja, kama anavyofumbwa mtu.

Jioni ya siku tuliyomzika Franie, Yost alikwenda kwa akina Wade pamoja na askofu wetu, wamebeba mkate na paja la nyama iliyokaushwa kwa moshi, akampa yule kijana mkono jikoni kwa mama yake. Kwetu ndivyo inavyofanywa, wala hatungoji moyo upoe. Gazeti la mjini likaandika. Watu wa nje walilia walipolisoma. Yost hakulisoma.

Ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kama sisi sote, ila mikono yake ilizaliwa na kazi nyingine. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana bunduki ya baba yake iligoma, akaifungua yote juu ya meza ya jikoni siku ya kuoka, mama yake akamtwanga kwa mwiko, na jioni bunduki ikapiga. Tangu hapo ndiye anayeponya zile za zamani za kuvuta, ambazo mkono wa kushoto huvuta mpini ulio chini ya mtutu, nyuma na mbele, ili risasi iingie. Wengi hapa wamezirithi kwa babu zao, na vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Yost huvichonga mwenyewe kwa tupa, dirishani, akivuma wimbo wa kanisani polepole.

Anapoifungua bunduki hutumia bati la kuokea vikeki la mkewe, lile lenye vishimo. Skrubu ya kwanza kishimo cha kwanza, springi cha pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Akiirudisha anaanzia nyuma. Bati likiwa tupu, kazi imekwisha. Shem, mume wangu, alimuuliza siku moja ingekuwaje kitu kikibaki. Yost alisema, "Bunduki iliyoacha kipande nje si bunduki, ni mtego. Na mtego haumjui mwindaji."

Siku Wade alipoileta hiyo ya babu yake Shem alikuwapo, amefuata bunduki yake mwenyewe, na hakunisimulia mpaka nilipomuuliza. Alisimama mlangoni kofia mkononi. "Bwana Kanagy," alisema, "inakwama. Nimeambiwa hakuna mwingine wa kuitengeneza."

"Kwetu hakuna mabwana. Niite Yost," Yost akamjibu, akaipokea. Angefanya nini? Angekataa, bonde zima lingesema ule mkono wa jikoni ulikuwa wa gazeti.

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya msimu, nilimchukua Amoni na chupa ya rojo na mkate, nikaenda. Mke wa Yost yuko kwa dada yake Ohio tangu kiangazi, hakuweza kukaa kwenye nyumba ile. Kibandani anamofanyia kazi, ukutani, bado lilikuwa limetundikwa gurudumu la gari la Franie, limepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa. Nje mabua ya mahindi yalikuwa yakisuguana, na hakukuwa na ndege hata mmoja.

Yost alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti. Bunduki ya Wade ilisimama kando ya mlango, imefungwa, imepakwa mafuta, inang'aa.

"Lomie. Umeniletea lile rojo lililoungua?"

"Mattie anasema halikuungua sana."

"Mattie husema mengi. Juu yangu anasema nini?"

"Kwamba unamchelewesha kijana."

"Ilipona siku ya kwanza. Springi ilikuwa imechoka, na komeo, lile linaloifungia risasi ndani, limeshika kutu." Hakunitazama. "Anaifuata leo, kabla ya kukamua."

Nilimweka Amoni kwenye benchi, nikaanza kukata mkate juu ya meza. Mtoto akinyamaza, mama hugeuka. Nilipogeuka, shavu lake lilikuwa limetuna. Nikaingiza kidole, nikakitoa: kipande cha chuma kama nusu ya kidole changu, kimelowa mate na mafuta. Nikalitazama bati la vikeki karibu naye. Vishimo vyote vilikuwa vikavu isipokuwa kimoja, kilichokuwa na duara la mafuta mabichi.

Nikamwonyesha Yost. Hakuuliza nimekitoa wapi.

"Ni cha hiyo?" nikasema.

"Cha hiyo."

"Kazi yake nini?"

"Kuizuia isifyatuke kabla komeo halijafunga."

"Na bila hicho?"

"Labda kusitokee kitu. Atapiga mwaka huu na mwaka ujao, arudi kwao na kulungu. Na labda mara moja tu komeo limrudie." Akagusa shavu lake mwenyewe, chini ya jicho.

Amoni alianza kulia, anakitaka chuma chake. Nilimpa ganda la mkate.

"Umekisahau," nikamwambia. Sikuuliza. Nilikuwa nampa neno la kusema.

"Ndivyo ambavyo mngesema wote. Yost amezeeka, ana huzuni, amesahau. Hata mama yake Wade angesema hivyo." Akavuta pumzi. "Jana nilikirudisha. Leo asubuhi nikakuta nimekitoa tena. Nilimpa mkono huu huu, Lomie, na sikuwa nadanganya. Nilidhani kusamehe ni kama kuzika, unafanya siku moja unarudi nyumbani."

"Nimwite Shem? Au askofu?"

"Askofu atataka tupige magoti. Wade atafika tukiwa bado magotini, na bunduki yake iko hapo mlangoni, tayari."

Akainuka, akaichukua bunduki, akailaza juu ya meza, mtutu ukielekea ukutani. Akavuta mpini kuhakikisha hamna risasi. Kra-chak. Akashika bisibisi. Skrubu ya kwanza kishimo cha kwanza. Mikono ilikwenda kwa uhakika, na hilo ndilo lililonitisha. Ilikuwa mikono ile ile iliyomfumba farasi jicho.

Mbali, kwenye mwinuko wa mlima, gari lilikuwa likibadilisha gia.

Yost alilisikia. Alisimama na springi kati ya vidole, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Kaa hapo kwenye benchi," alisema. "Kishike hicho mpaka nikuombe. Nikikwambia, 'Mtoto ana usingizi, mpeleke nyumbani,' usiende. Nikisema nimekwisha kukiweka, na wewe bado umekishika, mwambie Wade nini kilikuwa kinywani mwa mwanao, na kimetoka wapi."