Nusra na Mama Zake Wawili
Nusra hakusema uongo hata mara moja, na hapo ndipo penye kuudhi.

Alikuwa akilala garini na binti yake Lubna, kwenye maegesho ya duka moja la mji wa Euless, Marekani, karibu na uwanja wa ndege alikokuwa akifungasha vyakula vya abiria. Mume alishajiendea zake, na fleti ilikuwa kwa jina la mume. Kazi alikuwa nayo, mshahara alikuwa nao, lakini nyumba hakuna aliyetaka kumpa. Marekani ina vituko vyake: mtu asiyewahi kukopa haaminiki. Kila alikokwenda waliangalia kompyuta, wakamwambia hana historia ya mikopo, wakamtakia siku njema. Mtu kalelewa Mombasa akiambiwa deni ni aibu, leo adabu yake ndiyo inamlaza nje.

Sasa mwalimu wa Lubna alikuwa ameanza kuuliza wanakaa wapi. Nusra akaingiwa na hofu mbaya, hofu ya kunyang'anywa mtoto.

Ndipo akampata Mzee Hargrove, mjane mwenye kijumba cha kupangisha nyuma ya nyumba yake. Huyu hakuwa mtu wa kompyuta. Alimwonyesha vyumba, akamsimulia jinsi mkewe alivyomfia mwaka uliopita. Nusra akampa pole, akamwambia kuwa yeye naye mama yake alifariki yeye angali mchanga. Walisimama pale jikoni wote wawili machozi yakiwalenga. Lubna akachungulia chumba kidogo, akauliza, "Mommy, hiki changu?"

Jioni mzee alipiga simu akitaka mtu wa kumdhamini. Nusra yuko kazini, mikono imejaa sinia, akajibu bila kufikiri: mpigie mama yangu, yuko Katy, karibu na Houston.

Mama huyo ni Mahfudha, dada mkubwa wa marehemu mama yake, aliyemchukua Nusra akiwa kwenye nepi. Nusra hakuwahi kumwita kwa jina jingine. Kwao dada wa mama ni mama, na habari imekwisha. Mahfudha alikuwa akiuguza bibi mmoja huko Katy na kulala humohumo nyumbani kwa bibi huyo, kwa hiyo hakuwa na pa kumpokea mtu. Nusra hakumwambia lolote kuhusu gari.

Kesho yake mzee alimngoja getini.

"Uliniambia mama yako amekufa. Jana nimezungumza naye."

"Ni dada yake mama."

"Basi huyo ni aunt. Kwa nini ukasema mama?"

"Kwa sababu ni mama yangu."

Mzee akatikisa kichwa. "Mpigie. Hapa, nisikie."

Nusra akapiga, akaweka spika. Akaanza kwa Kiswahili, harakaharaka.

"Mama, nakuomba. Mwambie wewe si mama yangu. Sema wewe ni aunt tu."

"Nimwambie nini?"

"Mama, nime-apply kila mahali. Lubna analala kwenye gari."

"Kwenye gari? Tangu lini, Nusra?"

"Mwambie kwanza, mama. Tafadhali."

Mahfudha, kwa Kiingereza chake cha kuchagua neno mojamoja, akasema, "Bwana, huyu si binti yangu. Mimi si mama yake." Akaongeza, "Mimi sina mtoto."

Ilikuwa kweli. Mahfudha hakujaliwa kuzaa, na Nusra alijua maneno hayo watu walivyokuwa wakimchoma nayo.

Mzee Hargrove hakupandisha sauti. "Jana ulisema ni binti yako. Leo mmenong'onezana kwa lugha yenu, si binti yako tena." Akamgeukia Nusra, uso umemwiva. "Nami nilimlilia mke wangu mbele yako."

Akafunga geti, akaingia ndani.

Nusra akabaki na simu mkononi. Garini Lubna alikuwa ameshafungua mkanda, begi mgongoni, tayari kushuka.

"Nusra?" sauti ya Mahfudha ikaita simuni. "Mwanangu? Amekupa?"

"Hapana, mama."

"Kumbe nimekukana bure."