Mtani Wangu wa Redioni

Kuna siku moja haijawahi kunitoka akilini, mwanangu, na wewe ndiye umeichokoza. Jana ulipokuja hapa dukani Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ulinikuta napanga vitenge, ukaniambia, "Mama, hebu sema chochote." Nikasema, "Niseme nini? Sogeza hilo furushi, wateja hawapiti." Ukaminyaminya simu yako, mara nikajisikia mwenyewe humo ndani nikisema, "Rehema, njoo nyumbani, baba yako anakuita." Sauti yangu kabisa, na ile pumzi yangu ya kuchoka. Baba yako keshatangulia mbele ya haki, na maneno hayo mimi sikuyasema.

Ukacheka. Ukasema akili mnemba ndiyo inafanya hivyo, na kozi mnayoenda kusoma pamoja na wanajeshi wa nchi jirani ni ya mambo hayohayo: droni, kompyuta, sauti za kughushi. Nikakuuliza kama mtapata nafasi ya kukaa na hao wenzenu mkazoeana. Ukanijibu, "Mama, siku hizi si lazima kuzoeana. Mitambo inatambuana yenyewe." Nikarudi kupanga vitenge vyangu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nimemkumbuka mtu.

Unajua nami nilikuwa mwanajeshi kama wewe, picha yangu ya gwanda unaiona kila siku pale sebuleni Magomeni. Ila sijawahi kukuhadithia kule tulikopelekwa, maana nikianza naishia kulia, na kulia mbele ya watoto sipendi. Tulikuwa jeshi la pamoja, sisi na majirani zetu wa kusini, tumeenda kusaidia nchi iliyovamiwa na waasi. Kazi yangu ilikuwa redio ya mawasiliano. Nilikuwa binti, nimefaulu kozi vizuri, najiona. Wenzetu walikuwa na hema lao la chakula na sisi letu, na mimi sikuona sababu ya kwenda kwao. Masafa yao ninayo, maneno ya siri ya kutambuana ninayo, ugali wa watu nikaufuate wa nini?

Alikuwepo afisa mteule mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Ilala, tukimwita Babu. Akanikuta nakula peke yangu, redio pembeni. Akasema, "Binti, unajuana na redio yao. Wao wenyewe unawajua?" Nikajitetea kwamba maneno ya siri yanatosha. Akasema, "Maneno ya siri mtu akipigwa atayatoa. Kesho utakula kwao. Hiyo ni amri, sijakuomba." Amri ya kwenda kula, mwanangu. Nilinuna kutwa nzima.

Ndiko nilikomkuta Koplo Jere, mwenzangu wa redio upande wao. Alikuwa Mngoni wa ng'ambo ya mpaka. Aliposikia mimi ni Myao wa Tunduru akaweka sahani chini, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Kumbe mtumwa wangu yuko hapa, na hajanipa shikamoo." Hema zima likatugeukia, watu wakajua hapo patachimbika. Mimi nikacheka mpaka nikapaliwa. Utani wa Wayao na Wangoni niliukuta nyumbani tangu nazaliwa, sikujua kama na ng'ambo upo. Nikamjibu, "Nyie mlitoka huko kusini ya mbali mkitembea mpaka miguu ikagoma, ndio mkasingizia kwamba hapa mmepapenda."

Tangu hapo hatukuwahi kuzungumza redioni bila kutaniana kwanza, na matani ya Jere hayakuwa na huruma. Wakubwa walijua, wakatuacha. Na hili nalo nikwambie, kwa kuwa umeshakuwa mtu mzima: nilimpenda. Hatukuambiana. Yeye alikuwa na mke kwao, mimi nimeshachumbiwa na baba yako, na kila mmoja alijiheshimu. Lakini nilikuwa naamka asubuhi nikisubiri kutukanwa.

Basi siku yenyewe ikafika. Jere na wenzake wachache walikuwa wametangulia kukagua barabara, na nyuma msafara wetu wa malori unasubiri, dawa na vyakula, na vijana wetu juu. Amri ilikuwa msafara usitoke mpaka Jere aseme njia ni salama. Redio ikaita. Sauti ya Jere. Akatoa maneno ya siri, yote sahihi. Akasema njia ni nyeupe, waje. Madereva wakawasha injini.

Mimi nikamwambia kama kawaida yetu, "We Mngoni, miguu haijagoma tu?"

Redio ikakwaruza kidogo. Halafu akasema taratibu, "Hapana, dada yangu mpendwa. Tuko salama. Nashukuru sana kwa kuniuliza."

Hapo hapo nikajua, mwanangu. Yule mtu hajawahi kuniita dada, wala kunishukuru. Sauti ilikuwa yake, maneno ya siri ni yenyewe, mtambo wowote ungempitisha. Lakini mtani hamjibu mtani wake kwa adabu namna ile, isipokuwa kuna mtu amesimama juu yake na bunduki. Nikamgeukia Babu nikamwambia, "Afande, Jere ametekwa. Msafara usiende." Akanitazama usoni, hakuniuliza ushahidi. Akatoka kwenda kuyazuia malori.

Mimi bado nimeishika redio. Ilibidi nijibu, maana ningenyamaza waliomshika wangejua kwamba ametuonya. Nikasema, "Haya kaka, tunakuja." Nilimwita kaka, kwa heshima zote, ili naye ajue kwamba nimeelewa. Nikamsikia akishusha pumzi, kisha redio ikazimwa. Sikumsikia tena.

Askari wetu walizunguka kwa njia nyingine, wakawakuta waasi wamejificha kandokando ya barabara wakisubiri malori. Wakawatimua. Jere hakupatikana, wala mwili wake. Vijana wa malori wote walirudi kwa mama zao. Baadhi wakifika Kariakoo huwa wanapita hapa kunisalimia, tunaulizana habari za watoto, tunabishana bei ya kitenge, wanaenda zao.

Sisi mtu akifa, mtani wake ndiye anakuja msibani kumwigiza. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anagomba kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia wanacheka. Ile ilikuwa haki yangu kwa Jere, na sikuipata. Jana uliponitolea sauti yangu kwenye simu, nilitaka kukuomba unitolee na yake. Nikakumbuka sina hata neno lake moja lililorekodiwa. Na hata ningekuwa nalo, mashine ingeniletea sauti tu, matusi yake ingeyajulia wapi? Nina hamu naye, Rehema. Nimeolewa, nimezaa, nimezeeka, na bado nina hamu ya kusikia yule mtu ananiita mtumwa wake.

Kwa hiyo kozi nenda. Hayo madroni yasome, na hizo kompyuta, uzijue kuliko wote, maana adui naye hajalala. Mikataba ya majeshi waachie wakubwa waisaini. Wewe kula na wenzako. Mjue anayesumbuliwa na mgongo, mjue anayemwogopa mama mkwe wake, mjue ambaye akikasirika ndio anakuwa mpole. Kama kabila zenu hazina utani, anzisheni wenu. Mashine itakwambia sauti ni ya nani. Kwamba mwenye sauti analia moyoni, hilo litakuhitaji wewe.

Mungu akutangulie mwanangu, akukutanishe huko na mtu wa kukutania bila kukuonea haya. Awaepushe na barabara za namna ile. Mzeeke nyote wawili, kila mmoja kwao, mkipigiana simu kutukanana. Na siku ya mmoja wenu ikifika, imkute kitandani kwake, na mwenzake apate nauli ya kuvuka mpaka, aingie msibani amevaa koti la marehemu.