Tumbaku Isiyo na Daraja

Nilivumilia mpaka siku mkuu wa kitengo alipofuta majaribio yangu ya programu nikiwa stoo namnyonyesha mwanangu. Nilirudi na gauni limelowa kifuani, nikakuta skrini ya kompyuta imeandika kwamba yote yamepita. Nikampa mwenzangu wa ofisini mtoto, nikamgeukia mkuu.

"Ndugu, umefuta ukweli ili upeleke uongo Dar."

Hakukasirika hata kidogo. "Mama mtoto, nenda nyumbani ukalee. Hii mashine hainyonyi."

Ofisi yetu hapo Tabora ilikuwa na kompyuta moja ya msaada, ikifanya kazi umeme ukipenda. Tuliandaa programu ya kupokea mazao ya vijiji vya ujamaa. Ndani yake kulikuwa na aina mama, yaani kiolezo ambacho aina nyingine hurithi kwake, tuliyoiita Mzigo, yenye uzito tu. Alama ya kujumlisha tuliipa kazi mpya: mizigo miwili ikikutana, iwe mmoja. Chini ya Mzigo kulikuwa na aina mtoto, Tumbaku, iliyorithi alama hiyo ila ina kitu chake cha ziada, daraja la ubora wa jani. Mkuu aliagiza tumpime mama peke yake. Mtoto amerithi, alisema, kumpima naye ni kuchezea umeme.

Mimi nikampima huyo mtoto, Tumbaku. Nilijumlisha tumbaku ya daraja la kwanza na nyingine ya daraja hilohilo. Jibu likatoka Mzigo. Uzito sawasawa, daraja hakuna. Alama ilikuwa ya mama, na mama hajui daraja ni nini.

Kwetu Puge shamba la kijiji huvunwa kwa pamoja, na jani la kila kaya hujumlishwa kabla ya kupokelewa. Jani lisilo na daraja kituoni huingizwa kwenye makapi. Mama yangu alikuwa amekohoa moshi wa bani la kukaushia tumbaku msimu mzima. Nilimweleza mkuu hayo yote. Akasema wakulima wamezoea kunung'unika.

Mwenzangu alinirudishia mtoto, akaninong'oneza nitafute kwanza kazi kwingine. Kazi ipi? Niliketi nikamwandikia mkurugenzi wetu, nikagongewa muhuri masijala:

"Ndugu, nalalamika rasmi kwamba mkuu wa kitengo amefuta jaribio lililoshindwa na kutangaza kuwa programu imepita. Tumbaku ikijumlishwa inapoteza daraja, kwa sababu alama ya kujumlisha imerithiwa bila kurekebishwa wala kupimwa kwenye aina mtoto. Naomba programu isipokee mazao ya msimu huu mpaka jaribio lirudiwe mbele ya wakulima wenyewe. Kama ni kunifukuza, nifukuzeni baada ya hapo."