Jina la Bibi Kwenye Mashine ya Vifaranga

Mama alipiga simu kutoka Kibuta, na hakungoja hata shikamoo yangu.

"Trei inageuka," alisema. "Vifaranga wameshaanza kudonoa maganda, na trei bado inageuka."

Nilikuwa nyumbani kwangu Pangani, Kibaha. Mayai ya kuku hayageuzwi siku za mwisho. Kifaranga anatafuta pa kutokea, ukimpindua anafia humo humo. Trei ingegeuka tena saa ikitimia, na kuzima mashine ni kuzima joto.

Programu ya mashine hiyo, na ya pili iliyo kwa mdogo wangu, tuliiandika mimi naye kwa lugha ya Python. Kila aina ya yai ina klasi yake, yaani kipande cha programu chenye maelekezo ya joto na ya kugeuza. Mashine ikiwaka, klasi zinajisajili kwa majina, kisha programu inaita ile iliyotajwa kwenye mipangilio. Ya kuku niliipa jina la bibi yetu, aliyetufundisha kuatamisha. Asubuhi hiyo umeme ulikatika Kibuta, ukarudi, mashine ikawaka upya.

Niliingia kwenye mashine kwa mtandao, nikaita jina la bibi. Ikaja klasi ya bata. Mayai ya bata yanageuzwa wiki nzima zaidi.

Nikampigia mdogo wangu nimefura. Akakiri kwamba jana aliongeza klasi ya bata wake kwenye mashine zote mbili. Nikamuuliza aliipa jina gani.

"La bibi. Dada, ningeipa la nani?"

Nilitaka kumtukana, lakini hata mimi nisingeipa jina jingine. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza anapewa jina la bibi. Binti yangu analo, na binti yake analo. Klasi yake ilisajiliwa mwisho, ikachukua nafasi ya yangu, na programu haikulalamika.

Nikaongeza "Kuku" kwenye jina la klasi yangu na kwenye mipangilio, nikaiwasha programu upya. Saa ikatimia. Nikampigia Mama, akaenda kuitazama trei.

"Imetulia," alisema.

Nikamweleza kilichotokea.

"Hapa ukiita jina hilo wajukuu wangu wanaitika wote wawili, ndipo unasema unamtaka yupi."

Siku hiyo hiyo niliifanya programu ikatae jina likijirudia. Vifaranga walitoka kesho yake, si wote. Waliokufa Mama aliwazika nyuma ya jiko, na nilipofika Kibuta nikauliza ni wangapi, akaniambia nile kwanza.