Kibao cha Gitaa na Mkono wa Kasereka

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka hata chai inagoma kushuka kooni, na wewe unajua jinsi ninavyoipenda chai. Niliikumbuka tena juzi, ulipokuja na gitaa lako jipya, ukalilaza magotini kama mtoto mchanga, ukaniuliza: "Papa, nibandike kibao, ao niache hivi?" Mimi nikaanza habari za mvua. Ukadhani masikio yamechoka. Masikio yangu ni mazima, nasikia panya akipiga chafya kule Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Nilikwepa kwa sababu swali hilo niliwahi kulijibu nikiwa kijana, kwa haraka na kwa kisu cha jikoni, na jibu lile bado nalilipia.

Kibao chenyewe si kitu kikubwa. Ni kipande chembamba cha plastiki, hakizidi kiganja, kinabandikwa chini ya tundu la gitaa, pale ambapo mkono unaopiga nyuzi hupita ukichubua mbao. Ukikiona dukani huwezi kufikiri kwamba kinaweza kumtoa mtu nyumbani.

Gitaa langu aliniletea baba mdogo, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akienda Kampala kuchukua mizigo. Lilifika limefungwa katikati ya mablanketi, na uso wake ulikuwa wa rangi ya asali, unang'aa kiasi kwamba mama alikuwa akijifunga kitambaa cha kichwa huku akijitazama humo. Haya, labda nimeongeza kidogo. Alijitazama mara moja tu, lakini alijiona vizuri.

Mimi na mdogo wangu Kasereka tulikuwa tukilipiga pamoja. Nasema pamoja, si kwa zamu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na akili, lakini ule wa kulia, Mungu anisamehe, ulipiga nyuzi kama mtu anayefukuza nzi. Kasereka alikuwa kinyume changu. Hakujua kubana nyuzi hata kidogo, ila mkono wake wa kulia ulizaliwa unacheza. Basi tuliketi benchi moja, bega kwa bega, gitaa limelala mapajani mwetu sote wawili. Mimi nakamata shingo, yeye anapiga. Kanisani kwetu Mapendo walituita Mutu wa Vichwa Viwili, na wazee waliokuwa wakisinzia tangu zamani za Wabelgiji waliamka wimbo wa matoleo ulipoanza.

Tatizo ni kwamba Kasereka hakujua kupiga polepole. Alitumia kipande cha mfuniko wa ndoo, kigumu kama ukucha wa ng'ombe, na kila Jumapili mistari mipya myeupe ilitokea chini ya tundu, imepinda kama nyayo za kuku. Nikawa nalala nikiihesabu kichwani. Gitaa ni langu, najiambia, na mtu huyu analikwangua.

Huo ndio mwaka ambao wakimbizi walivuka mpaka kutoka upande wa Gisenyi wakajaa kila mahali, barabara za mji, viwanja vya shule, mpaka kambi ya Kibati nje ya mji na mbele yake. Kipindupindu kikaingia. Maji yalichotwa ziwani, na bidoni ya manjano, dumu la kuchotea maji, ilikuwa na thamani kuliko pikipiki. Mama yetu alikuwa akiamka mapema kuwapelekea maji wale waliolala nyuma ya ukuta wetu. Na mimi, mwanangu, katika majuma hayo hayo, nikachukua bidoni ya mama iliyopasuka kidogo mdomoni, nikapasha kisu moto, nikakata ubavu wake. Nikaunyoosha chini ya jiwe la volkano, nikauchonga vizuri, nikaenda Ndosho kwa washona viatu kuomba gundi. Jumamosi hiyo jioni kibao kilikuwa kimeshika. Manjano yale juu ya rangi ya asali! Kilifanana na plasta kwenye shavu la bwana harusi. Mimi nilikiona kizuri mno.

Mama alipoiona bidoni yake haina ubavu, alinikimbiza na mwiko mpaka majirani wakatoka nje kama kuna mpira.

"Weye Kambale! Batu banakufa na kiu, weye unavalisha gitaa nguo?"

"Ilikuwa imepasuka, mama!"

"Hata wewe umepasuka, mbona sikukukata?"

Alipochoka kukimbia akaketi kizingitini, akahema, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ameshauona ubaya wenyewe: "Kasereka ulimuuliza?"

"Gitaa ni yangu, mama."

"Gitaa ni yako, nimesikia. Na mukono ni ya nani?"

Nikacheka. Nilikuwa kijana, na kibao changu kilikuwa kimeshika.

Kesho yake kanisani, kabla ya misa, Kasereka akaketi kwenye benchi, akanyoosha mkono kama kawaida, mkono ukasimama hewani.

"Yaya," akaniita, kwa heshima ya kaka mkubwa, "njo nini hii?"

"Ni ya kulinda mbao."

"Kulinda na nani?"

Ningeweza kusema vumbi. Ningeweza kusema jasho, mvua, mende, shetani mwenyewe. Nikasema, mbele ya waimbaji wote: "Na mukono yako. Unakwangula sana."

Kwaya ikaangua kicheko. Mmoja wa waimbaji wa besi akaongeza: "Kweli, huyu anachimba! Siku moja mukono itatokea mugongoni mwa gitaa!" Kasereka naye akatabasamu. Akapitisha kidole juu ya plastiki ile, ukingoni kote, taratibu.

"Kumbe mukono yangu ni raboti ya seremala, ya kukwangula mbao," akasema. "Mimi nilifikiri ninapiga muziki."

Misa ilipoanza alipiga. Lakini alipiga kwa kidole gumba, kwa adabu, kama mtu anayegonga mlango wa wagonjwa. Wimbo ukaburuta miguu. Wazee wakasinzia tena. Baada ya baraka ya mwisho akanipa kile kipande cha mfuniko wa ndoo, akakifungia ndani ya kiganja changu. "Piga weye, Yaya. Mikono uko nayo mibili."

Nilijua Jumapili itakayofuata atarudi kwenye benchi. Hakurudi. Alikwenda Kibati kujiunga na vijana waliokuwa wakigawa maji, na huko akakusanya watoto wa wakimbizi, wale waliokosa wa kuwaita jina. Aligeuza bidoni kichwa chini, akapiga kitako chake, na watoto wakaimba. Madereva waliotoka kule walituambia unamsikia kabla hujaiona kambi. Nami nikajifunza kupiga peke yangu. Nilifaulu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilifaulu kiasi cha kutosha nisione haja ya kupanda barabara ya Kibati kwenda kumwita.

Alikuwa akija nyumbani mara moja moja. Mara ya mwisho alikuja mchana, akaoga, akala bugali na maharagi, akaketi akilitazama gitaa ukutani. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nilifunga, nikafungua, nikafunga tena. Nasubiri aombe. Yeye anasubiri nimpe. Mama alikuwa mlangoni akinitolea macho makubwa kama sahani, na mimi nikajifanya siyaoni.

"Ile kibao bado imeshika," Kasereka akasema.

"Imeshika. Gundi ya Ndosho haicheki na mutu."

"Ni muzuri. Mbao itakaa."

"Itakaa."

Akasimama, akajikung'uta suruali. "Basi, Yaya."

"Basi, Kasereka."

Hayo tu, mwanangu. Nimesoma shule ya jioni mpaka nikapata diploma, najua maneno mengi kuliko gazeti, na siku ile nilikuwa na "basi" peke yake.

Haukupita muda, vita ikaingia. Bunduki ziliposema ndani ya mji tulijificha chini ya kitanda mimi, mama na gitaa. Ndiyo, gitaa nalo, nililikumbatia. Zilipotulia nikapanda kwa miguu mpaka Kibati. Kambi ilikuwa imevunjwa. Nilikuta majivu, masufuria yaliyopinduka, viatu vya upande mmoja. Mama mmoja wa kijiji, aliyekuwa akichimbua viazi vyake kama vile asingechimba leo asingechimba tena, akaniambia bila kuinua kichwa: "Ule kijana wa kupiga bidoni? Alipita hapa na batoto yake. Mumoja alimubeba mugongoni. Bakakata njia ya kwenda Sake."

Nilifika Sake. Walisema wameendelea mbele, milimani. Niliuliza mapadri, madereva wa malori, wafanyabiashara wa Walikale na wa Kisangani. Kila mwenye masikio nilimuuliza. Wapo walioapa wamemsikia mahali fulani, lakini hakuna aliyemwona. Mama aliuliza mpaka pumzi ya mwisho, na mpaka leo mimi sijui nimlilie ndugu yangu ao nimngoje.

Tulipomaliza matanga ya mama, nikataka kitu kimoja tu: kuiona ile mistari myeupe. Picha ya Kasereka hatuna. Nikaona kwamba chini ya plastiki ile umelala mkono wake, umelindwa vizuri kuliko kitu chochote nilicho nacho. Nikaliteremsha gitaa, nikapasha kisu, nikapitisha mafuta ukingoni, nikavuta kidogo kidogo. Kibao kikatoka, na ngozi ya gitaa ikatoka nacho. Rangi, utando wa mbao, mistari yote, vilikuwa vimeshikwa na gundi, na nilipojaribu kuibandua gundi vikawa unga. Chini yake palikuwa peupe kama mfupa.

Kwa hiyo ninalo gitaa ambalo wageni hulisifu. Ukiacha kidonda kile, pembe zote nzima, mgongo unang'aa, shingo haijapinda. Nililinda mbao, na imelindika. Ila ukilitafuta kutoka kichwani mpaka kitakoni, hutapata mahali hata padogo panapokwambia kwamba Kasereka wangu aliwahi kulipiga.

Sasa nikujibu. Ukipiga kwa nguvu, kibao kinafaa. Tafuta chembamba, cha aina ile inayobandukika bila kuondoka na mbao, maana kikiwa kinene kinaziba sauti. Gundi ya viatu iachie viatu. Hayo ni ya ufundi, hata fundi wa mtaani angekwambia.

Lakini najua kilichokufanya uulize. Nimemwona dada yako Kavira akilichukua gitaa hilo. Analipiga kama anatwanga majani ya sombe kinuni, na wewe unakunja uso. Basi kabla hujapima wala kukata, mwite akae karibu nawe. Mwambie kinachokuuma, ninyi wawili tu, pasipo watu wa kucheka. Akikubali, mkibandike pamoja. Akikataa, kiache, gitaa lichubuke. Na kama umekwisha kumuumiza, usikae ukifunga kamba za viatu ukingoja aanze yeye. Mfuate siku hiyo hiyo, mpe gitaa mkononi, barabara ikiwa bado wazi. Hapa kwetu barabara hufungwa bila kuuliza mtu kama amemaliza kusema.

Mungu akujalie ndugu wenye kelele na nyumba isiyokosa mtu wa kukusumbua. Gitaa lako lizeeke vibaya, mwanangu. Lichubuke mbele na nyuma, kwa mikono ya watu unaowapenda, na wote uwe unajua wamelala wapi.